Kila Saa Nane

Masika yaliyopita nilikwenda Tanga kumjulia hali shangazi yangu, aliyekuwa akiugua kifua tangu mvua zilipoanza, nikamkuta ameketi barazani peke yake, mtandio umemteremka mabegani, na mkononi ameshika kibahasha cha dawa kama vile watu wa zamani walivyoshika hati ya kuitwa mahakamani. Asubuhi hiyo alikuwa amerudi kwa waliomtibu, kama alivyoagizwa, vikahesabiwa vidonge vyake mbele ya watu waliopanga foleni, vikaonekana vimebaki vitano ilhali siku alizoandikiwa zimekwisha; akaambiwa kwamba ni mkaidi, kwamba hakumaliza dozi, na kwamba wagonjwa wa namna yake ndio wanaosababisha vijidudu vizizoee dawa hata zisifae kitu. Shangazi yangu ana miaka 74, amelea watoto wake na wa ndugu zake, na katika maisha yangu yote sijapata kusikia mtu akimwita mkaidi.

“Mwanangu,” akaniambia, “mimi dawa ile nimeimeza kama ilivyoandikwa. Hata usiku nimeamka.”

Nikamwuliza, “Usiku saa ngapi, shangazi?”

“Saa nane. Sindivyo ilivyoandikwa? Masiku yote matano nimeamka saa nane kamili, watu wamelala fofofo, nikapapasa kikombe cha maji gizani nisimwamshe mtoto.”

Nilikitwaa kile kibahasha nikakitazama kwa muda mrefu, na tangu siku ile hakijanitoka moyoni. Kilikuwa cha karatasi ya kaki, hakizidi kiganja cha mtoto wa shule, pembe moja imelainika kwa kushikwa na mikono yenye maji, na juu yake, kwa kalamu ya wino wa buluu na mwandiko wa haraka, palikuwa na ibara fupi hii: “1 kila saa 8 × 5/7”. Ndani mlikuwa na vidonge vitano vya amoksilini, vile ambavyo watu wengi wamezoea kuviita rangi mbili, vikavu, visafi, kana kwamba vimetoka koponi wakati huo huo.

Aliyeandika alikusudia kidonge kimoja kila zinapopita saa nane, ndiyo vidonge vitatu kwa usiku na mchana, kwa muda wa siku tano, jumla vidonge 15. Shangazi alisoma kilichoandikwa: kila saa nane. Na saa nane, kwa yeyote aliyezaliwa katika lugha hii, ni wakati unaojulikana, unaofika mara mbili, kwanza mchana jua likiwa limekwisha kupinduka, kisha katika ule usiku ambao lugha yetu yenyewe imeupa jina la usiku wa manane. Basi akameza kimoja mchana na kimoja usiku, siku tano, vidonge kumi, vikabaki vitano. Hesabu haina kasoro hata chembe. Lau angalimwomba mjukuu wake amtegee kengele ya simu, yamkini mambo yangalizidi kutatizika, kwa kuwa simu ile inahesabu saa kwa desturi ya Wazungu, na nambari 8 inayoonekana kiooni ni saa mbili yetu. Nambari moja, nane, ilikuwa imebeba maana tatu katika nyumba moja: muda unaopita, saa ya ukutani, na saa ya simu. Tena hapo sijasema lolote juu ya ile 5/7, ambayo kwa watu wa dawa ni siku tano, na kwa mtu mwingine yeyote ni tarehe tano mwezi wa saba.

Mwanamke mzee aliyejikatiza usingizi masiku matano mfululizo ili atii maandishi ya kibahasha akaitwa mkaidi: ndilo jambo lililonikera, na ndilo lililonitoa kwenda kutafuta mtu anifahamishe.

Jirani akanielekeza kwa bibi mmoja mtoa dawa, mwenye duka katika barabara mojawapo ya zile za Ngamiani zinazoitwa kwa nambari, ambaye kabla ya kustaafu alikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la dawa la hospitali. Aliniomba nisimtaje jina, nami nimetimiza ahadi. Wateja wote humwita daktari, naye si daktari, lakini amekwisha kuchoka kuwasahihisha. Nilimwonyesha kibahasha. Hakucheka, wala hakustaajabu; alikigeuza mbele na nyuma, akakilaza juu ya kioo cha meza yake, akakinyoosha pembe kwa kidole gumba.

“Hiki hata mimi nimekiandika,” akasema. “Si hiki chenyewe, lakini mfano wake, sijui mara ngapi. Dirishani watu wamejaa, mtoto analia, kalamu inakwenda mbio, mkono unaandika kama ulivyofundishwa. Kwangu mimi ‘kila saa nane’ ilikuwa na maana moja tu. Haikunipitia kabisa kwamba mtu ana saa nane yake nyumbani, ukutani.”

Akanieleza jinsi alivyozinduka. Mzee mmoja mvuvi, mtu mwenye heshima zake, alirudi dirishani akiwa bado ana homa, akamwambia kwa upole kwamba ile saa nane ya mchana inamkuta baharini, na dawa ameiacha nyumbani isilowe, basi je, ataruhusiwa kumeza ya usiku peke yake? “Nilikaa kitini nikamtazama,” alisema. “Mtu yule alikuwa anameza kidonge kimoja kwa siku, naye anadhani anakosa kidonge kimoja tu. Nilijiuliza, je, wangapi wamepita hapa kabla yake wasirudi kuuliza?”

Swali lile bado analo, na jawabu lake hakuna awezaye kumpa.

Jambo hili si la Tanga peke yake wala si la wasiosoma peke yao. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2003, lilisema kwamba hata katika nchi tajiri ni takriban nusu tu ya wagonjwa wenye maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao kama walivyoagizwa, na kwamba katika nchi maskini hali ni duni zaidi. Sababu zake tunazijua sote kwa macho: mwenye shinikizo la damu huacha vidonge akijihisi mzima, mwenye haja ya fedha hununua nusu dozi, mwenye kichefuchefu huona dawa ni adui. Lakini katika hesabu ya wasiofuata, kila ninapoisoma, huwaona wote wamewekwa kapu moja, aliyekataa na aliyekosewa, na shangazi yangu yumo humo pamoja nao.

Nilimwuliza yule bibi anaandikaje siku hizi, akanipeleka kwanza katika jambo ambalo sikulitarajia, nalo ni sarufi.

“Nyinyi watu wa magazeti mnatukataza kusema ‘masaa’,” akasema. “Mnasema si Kiswahili sanifu, wingi wa saa ni saa. Sawa. Lakini mimi nikimwambia mgonjwa ‘kila baada ya masaa manane’, hakuna hata mmoja anayekwenda kutazama ukutani. Anahesabu vidole. Nikimwambia ‘kila baada ya saa nane’, wengi wanasikia: ikishapita saa nane.”

Nami nililelewa na walimu waliokuwa wakilikata neno hilo kwa wino mwekundu, na kwa miaka yangu yote ya uandishi nimelikata katika makala za wenzangu bila ya kufikiri mara mbili. Nikamjibu kwamba tunaweza kusema “muda wa saa nane”. Akatikisa kichwa, akasema amekwisha kujaribu, na kwamba kwa wazee wengi muda wa saa nane ni wakati wa saa nane, basi tumerudi pale pale. Sikuwa na hoja nyingine. Umma umejitengenezea neno la kutenga muda unaopita na saa inayofika, sisi tukaliita kosa, na huenda tulikuwa na haki katika vitabu vyetu. Lakini dirishani penye mgonjwa sijui ni nani mwenye haki, na ningependa wanazuoni wa lugha walitazame jambo hili upya, si kwa ajili ya mtihani, bali kwa ajili ya siha za watu.

Akaendelea na neno jingine, ambalo limeandikwa kwenye vibahasha vyetu tangu utoto wangu: kutwa mara tatu. Kutwa, kama wajuavyo wazee wa pwani, ni kushinda mpaka jua lichwe. Usiku haumo, usiku una neno lake, kucha. Basi mwenye kuijua lugha kwa dhati akiambiwa kutwa mara tatu hula dawa yake asubuhi, mchana, na jioni jua linapotua, akauacha usiku mzima mtupu, nao ni saa kumi na mbili au zaidi. Amoksilini haidumu mwilini. Figo huichuja ikatoka kwa mkojo katika muda mfupi, na wadudu waliokuwa wamebanwa hupata nafasi ya kupumua. “Anayeelewa sana neno lile ndiye anayekosea,” akasema yule bibi, na katika yote niliyoyasikia kwake, hilo lilinikaa zaidi. Ama ile “2 × 3”, alinikumbusha kwamba katika hisabati mbili mara tatu na tatu mara mbili ni mamoja, lakini katika mwili wa mtu si mamoja: huyu atameza viwili mara tatu, yule vitatu mara mbili, na wote wawili wamesoma sawasawa.

Kadhalika michoro. Zipo bahasha zilizopigwa chapa picha za jua na mwezi kwa ajili ya wasiojua kusoma, nami nilidhani hizo hazina ikhtilafu. Akachora nusu duara juu ya mstari, akanisukumia karatasi. “Jua hili linachomoza au linazama?” Sikuweza kujibu. Yeye huchora jogoo kwa asubuhi na taa kwa usiku, jogoo wake ana mkia wa manyoya matatu na jicho kubwa la kushangaa, na watoto waliotumwa dukani humwomba awachoree mwingine wa kwao.

Kwa dawa za mara tatu amevumbua njia ambayo mwenyewe haiiti uvumbuzi. Alikaa siku moja na kalenda ya msikiti akatafuta saa tatu za siku zilizoachana sawa na ambazo mtu wa Ngamiani hawezi kuzisahau hata akitaka, akapata hizi: saa kumi na moja alfajiri, watu wanapoamka kwa ajili ya sala, saa saba mchana, baada ya adhuhuri, na saa tatu usiku, baada ya isha, kabla ya kulala. Hesabu mwenyewe, msomaji: kutoka ya kwanza hadi ya pili ni saa nane, kutoka ya pili hadi ya tatu ni saa nane, na kutoka ya tatu kurudi alfajiri ni saa nane. Kwa asiye Mwislamu hutafuta alama nyingine katika siku yake, kengele ya shule, kufungwa kwa genge, kurudi kwa mashua. Na ukiingia Ramadhani huwauliza wateja wake kabla hawajasema, kwani mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, lakini wengi hawaitumii, na dawa ya mara tatu isiyopata mahali kati ya futari na daku huachwa kimya kimya. Anayekuja na dawa za sukari humrudisha kwa tabibu wake apangiwe upya kabla mwezi haujaandama.

Tukiwa katika mazungumzo hayo akaingia mama kijana, mtoto mgongoni, na cheti cha dawa mseto. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wakubwa tunakumbuka kwamba klorokwini ilipoachwa mwaka 2001 tulipewa dawa ya malaria ya kumezwa mara moja tu, vidonge vitatu kwa mtu mzima, na mtoa dawa alikuona ukimeza na kazi ikaisha. Lakini mseto uliochukua nafasi yake mwishoni mwa mwaka 2006 humezwa mara sita kwa siku tatu, na mara ya pili hutakiwa baada ya muda wa saa nane, zilizobaki asubuhi na jioni. Kazi ambayo zamani ilikuwa ya mtoa dawa imehamia nyumbani.

“Shikamoo, daktari.”

“Marahaba, mwanangu. Mshushe mtoto, mnyonyeshe kwanza.” Kwani mseto huingia mwilini vizuri zaidi ukikuta mafuta tumboni, na maziwa ya mama yanayo. Mtoto akanyonya. Yule bibi akakiponda kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga kwa maji kidogo, akampa mama amnyweshe mwenyewe, nasi sote watatu tukangoja tuone kama mtoto atatapika. Hakutapika. Kisha akachukua bahasha, akachora taa moja. Chini yake jogoo na taa. Chini yake tena jogoo na taa.

“Cha kwanza kimekwisha ingia. Sasa niambie, baba yake akirudi jioni akauliza, utamwambiaje?”

“Nitamwambia atapewa kingine kesho asubuhi.”

Bibi hakusema la. Aliweka kidole juu ya ile taa ya kwanza, iliyokuwa peke yake. “Na hii je, ni ya lini?”

Mama akatazama, akatulia. “Ya leo,” akasema. “Leo usiku.”

“Leo saa kumi na mbili jioni, kabla ya adhana ya magharibi. Kisha kila saa kumi na mbili, ya asubuhi na ya jioni, mpaka picha ziishe. Nieleze tena.” Akaeleza tena, safari hii bila kosa.

Alipokwisha kutoka, yule bibi aliniambia kwamba neno alilolifuta kabisa kinywani mwake ni “umeelewa?” Mtu wa kwetu akiulizwa kama ameelewa atasema ndiyo, kwa heshima, maana kusema hapana ni kama kumfahamisha aliyemweleza kwamba hakueleza vizuri, na mbele ya foleni haya huzidi. “Lakini ukimwuliza atawaambiaje wa nyumbani,” akasema, “anakuwa yeye ndiye mwalimu. Hapo nasikia yote.”

Nilitazama saa yangu: mama yule alichukua dakika kumi na mbili. Hospitali yenye wagonjwa mia asubuhi moja itazipata wapi dakika kumi na mbili kwa kila mtu? Nilimwuliza, akajibu kwamba alipokuwa dirishani hakuzipata, na kwamba ndiyo maana hawezi kuwalaumu waliomwandikia shangazi yangu, ijapokuwa kwa kumkemea mzee mbele za watu anawalaumu sana.

Yapo na mengine ambayo jogoo na taa haviwezi. Wapo wanaokuja na agizo la kumeza baada ya chakula, akawauliza wanakula saa ngapi, wakatazama chini. Mtu mwenye mlo mmoja kwa siku hana pa kuweka dawa ya mara tatu baada ya chakula, wala hatalisema hilo mbele ya watu. Na yupo mwanamke ambaye kila mwezi humwomba bahasha tupu, isiyoandikwa kitu. Hutoa mkobani kopo la dawa alilopewa kliniki, akahamishia vidonge bahashani kimoja kimoja, akaliacha kopo dukani litupwe, kwa sababu kopo hulia likitikiswa na lina maandishi, na nyumbani mwake hakuna ajuaye. “Humpa,” alisema yule bibi. “Sijui kama nafanya vema. Dawa ile haitaki kutolewa koponi mwake. Lakini nikimnyima ataiacha.”

Nchi yetu si ngeni katika mambo haya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 tabibu Karel Styblo alishirikiana na mpango wetu wa kifua kikuu na ukoma kupanga matibabu ambayo mgonjwa humeza dawa mbele ya macho ya mwenziwe na kila kidonge kikaandikwa daftarini, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaieneza njia hiyo ulimwenguni. Wale hawakuiamini karatasi; walimweka mtu. Kwa rangi mbili za siku tano hapana mtu wala daftari, ipo bahasha tu, na kwa hiyo maneno machache yaliyo juu yake ndiyo msimamizi pekee ambaye mgonjwa anaye.

Shangazi alipimwa upya na tabibu mwingine, kifua kikaonekana bado, akaandikiwa dozi nyingine, nami nikamfikisha mwenyewe Ngamiani. Vile vidonge vitano vya awali yule bibi alivipokea ili vikateketezwe, akamwomba shangazi radhi kwa niaba ya wote wanaoandika bahasha, na shangazi akatokwa na machozi kidogo. Nanyi mnaokaa madirishani, ndugu zangu, najua kwamba foleni ni ndefu na mshahara haulingani na kazi. Lakini nawasihi, andikeni saa yenyewe ya kumeza, tena asubuhi au usiku, kwa maneno, na siku tano ziwe siku tano. Hayo hayachukui dakika kumi na mbili.

Bahasha mpya ya shangazi iliandikwa mistari mitatu: saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana, saa tatu usiku. Siku ya sita nilimpigia simu, akaniambia haina kitu ndani.